Mlimani Hakuna Mgongo wa Kujificha

Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze na waendesha baiskeli wa ridhaa, yaani watu wenye kazi zao wiki nzima, ambao siku ya mapumziko wanajiandikisha kwenye mbio za kupanda mlima. Mabingwa nitawaacha leo. Bingwa ana daktari, ana fundi, ana mshahara. Ninyi mna mapafu yenu na saa ya mwamuzi. Mnaachiwa mmoja mmoja, mara nyingi kila baada ya dakika moja, na mlima ni uleule kwa wote.

Tambarare, adui ni upepo, ndiyo maana watu hujibanza nyuma ya mgongo wa mwenzao. Mlimani huo ujanja haupo. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 anapanda kama mita 8. Akitoa nguvu ya wati 250, ambazo kwa mtu wa ridhaa si haba, atakwenda kama kilomita 13 kwa saa. Katika nguvu hiyo, karibu sehemu tisa kwa kumi inaishia kunyanyua uzito wake. Upepo, ikiwa hewa imetulia, hauli hata sehemu moja kwa ishirini.

Najua mnachofikiria: basi tupunguze uzito. Sawa. Kwa mtu huyohuyo, kilo moja pungufu inaokoa kama sekunde saba katika mpando wa dakika kumi. Sekunde saba si za kudharau, lakini kabla hujaenda kutoboa mfuko kwa ajili ya boliti nyepesi, itazame chupa yako ya maji. Ikijaa inafika robo tatu ya kilo, na mbio za dakika kumi hazikuhitaji uibebe. Kunywa mapema, iache chini.

Sasa niwapeleke pale mbio zinapoharibika, yaani dakika mbili za kwanza. Mtu amekushikia baiskeli kwa nyuma, miguu yote miwili iko kwenye pedali, mwamuzi anahesabu kurudi nyuma. Ukiachiwa, miguu ni miepesi ajabu. Unajisikia leo ndiyo siku yako. Msiuamini wepesi huo. Sekunde chache za mwanzo misuli inatumia akiba iliyohifadhi yenyewe, na oksijeni unayovuta inachukua kama dakika mbili kufikia kiwango ambacho kazi inakihitaji. Pengo hilo mwili unaliziba kwa mkopo, na mdai huoni hata sura yake mpaka dakika ya tatu au ya nne. Ndipo mapaja yanawaka, pumzi inakuwa fupi, na wati zilezile ulizozitoa kwa kicheko hazipatikani tena.

Mtu aliyekopa kupita kiasi unamtambua hata ukiwa mbali. Mabega yanaanza kuyumba, magoti yanatoka nje, gurudumu la mbele linachora nyoka barabarani. Anaonekana anajitahidi kuliko wote, na kweli anajitahidi, ila mwendo umekwisha. Hapo hakuna kupumzika kwa kuacha pedali kidogo kama tambarare. Ukiacha, baiskeli inasimama.

Kwa hiyo theluthi ya kwanza iendeshe taratibu mpaka ujisikie unajizuia, karibu uone aibu. Ukipitwa na aliyeanza nyuma yako, mwache apite. Theluthi ya kati ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa kilele bado hakionekani na sababu za kulegea ni nyingi. Weka akili yako yote hapo. Ya mwisho itajiendesha yenyewe.

Kwenye gia kuna kiburi kingi cha bure. Mtu wetu wa wati 250, akiwa na gia nyepesi, yaani gurudumu la mnyororo lenye meno 34 mbele na 32 nyuma, kwenye ile asilimia 8 atazungusha pedali kama mara 97 kwa dakika. Akiwa na 39 mbele na 25 nyuma ni mara 66 hivi. Zote zinavumilika. Sasa barabara ipande hadi asilimia 15. Wa gia nyepesi anabaki na mizunguko 56, mwenzake anashuka hadi 38, na huko si kuendesha tena, ni kukanyaga ngazi. Aliyewaambia gia nyepesi ni za wanyonge hakupanda mlima wa maana.

Mwaka 1910, Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilipopandishwa Tourmalet, mpando wa milima ya Pirenei, kwa mara ya kwanza, mwendeshaji Octave Lapize alitangulia kileleni, lakini sehemu nyingine alishuka na kuisukuma baiskeli. Gustave Garrigou alifika nyuma yake bila kushuka. Vibadilisha gia vilikuja kuruhusiwa katika mbio hizo mwaka 1937. Waliovumilia kabla ya hapo hawakuwa na hiari, ninyi mnayo.

Jambo jingine ni kelele. Huko Uingereza mbio za kupanda mlima za klabu ya baiskeli ya Catford, zilizoanza mwaka 1887, bado zinapandwa, na watazamaji husogea karibu sana pale barabara inapokaza. Hata mbio ndogo zina kona yake ya kelele. Ukiifikia, kila mtu anakutaka uchomoke. Iangalie mapema, ukague mlima siku moja kabla, ujue baada ya kona hiyo kumebaki nini.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nadhani hawakuwa na baiskeli.

Nimeletewa swali kwa karatasi: nisimame au nikae? Kwenye mwinuko wa kawaida kaa, maana kusimama kunaongeza kidogo gharama ya pumzi kwa nguvu ileile. Simama pale panapokaza ghafla, au ukitaka kubadilisha misuli inayochoka, mizunguko kumi au ishirini, kisha ukae. Barabara ikiwa na maji, angalia: ukisimama uzito unakwenda mbele na gurudumu la nyuma linateleza. Hapo inamia usukani, sogea hadi ncha ya kiti, na ubadili gia kabla mnyororo haujakazwa na mlima.