Meli ya Vita ya Ramesses III: Tafadhali Usigundishe Foromali Mapema

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunaunda meli ya vita ya Misri ya kale, mfano wa sentimita 40, wa kukaa juu ya kabati la vyombo. Picha ninayoifuata ni hii hapa: mchongo wa ukuta wa nje, upande wa kaskazini, hekalu la Medinet Habu, ng'ambo ya mto kutoka Luxor. Mwaka wa 8 wa utawala wa farao Ramesses III, kama 1175 KK hivi, Wamisri wanapigana na Watu wa Bahari, wavamizi waliokuja kwa meli. Zimechongwa meli nne za Misri, tano za adui.

Bodi nimeshaichonga jana usiku, msonobari, msasa mara mbili. Kuchonga mnajua, twende.

Gubeti, yaani ncha ya mbele. Hapa omo kuna kichwa cha simba, na mdomoni kang'ata kichwa cha mtu. Ndiyo, cha mtu. Simba wangu wa kwanza alitoka kama mbuzi anakula embe, kwa hiyo chonga taya kabla ya masikio.

Pandisha ukingo wa ubao mwembamba pande zote mbili, ufike mabegani mwa wavuta makasia. Ule ndio uliowakinga na mishale. Makasia ni chelewa, nachomoa kwenye ufagio, kumi kila upande. Angalia mchongo vizuri: meli za adui haziendeshwi kwa kasia hata moja, za Misri zinavutwa. Mwenye kasia anageuka atakavyo, anasimama mbali na kupiga mishale...

Ngoja, simu imelala. Wee mtoto, nimesema usipite hapo! Haya. Mnaniona? Tuendelee.

Sasa tanga. Hapa nipeni masikio. Kitambaa cha marekani, kiloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea, kikauke. Ni tanga la pembe nne, ndugu zangu wa ngalawa msiniletee pembetatu. Na chini HALINA foromali, ule mti wa kukingama unaofungwa tanga. Zile meli za farao mwanamke Hatshepsut za safari ya nchi ya Punt, zilizochongwa hekaluni kwake Deir el-Bahari, zina foromali mbili, ya juu na ya chini. Hizi za vita zina ya juu tu, na tanga linakunjwa kwenda juu kwa kamba. Sitaha inabaki wazi, mpiga upinde haoni kitambaa, anaona adui. Mimi hii ndiyo inayonifurahisha kuliko simba.

Kata nyuzi sita, zipake nta. Kila uzi ushone kwenye pindo la chini, upande wa mbele, upandishe kwenye vitanzi hivi vidogo, uvuke juu ya foromali, ushuke nyuma kuelekea tezi, mwisho wa meli. Foromali BADO haijagusa gundi. Nasema tena, bado! Mimi niliigundisha kwanza, ya mteja, halafu nikapitisha nyuzi kwa sindano iliyopinda mpaka saa nane usiku, na tanga likachanika. Nyuzi sita zote zipite, uzihesabu, ndipo gundi.

Moja, mbili, tatu, nne, tano... tano? Mnaona! Wa sita umenasa kwenye kitanzi. Rudi nyuma. Afadhali sasa kuliko baada ya gundi. Haya, sita. Zishike pamoja, vuta kwa mkupuo mmoja, usivute mmoja mmoja, litakaa upande. Taratibu... taratibu... limepanda. Tazama mikunjo hiyo! Sasa gundi, tone moja.

Kileleni mwa mlingoti weka dungu, kikapu cha mlinzi, na mtu mwenye kombeo ndani. Usukani, dakika mbili, nauruka.

Nina vifurushi vya kuuza: bodi, kitambaa, uzi, na simba aliyekwisha chongwa. Chelewa hazimo, nenda kwenye ufagio wako.