Pale Anapolala Punda

ATHMANI: Asalaam aleikum, karibuni tena barazani, hapa Lamu. Leo nimekaa mguu juu ya stuli, msinione sina adabu.

KHADIJA: Waaleikum salaam. Hawakuoni, Athmani. Wanakusikia tu.

ATHMANI: Basi wanisikie. Jumanne usiku natoka mtaa wa Langoni na sinia ya biriani ya harusini. Umeme umekatika. Kile kifuniko cha mtaro kilichopasuka tangu kabla ya Ramadhani...

KHADIJA: Kilichowekewa tofali juu.

ATHMANI: Tofali halikuwepo! Mguu ukazama mpaka gotini. Nikauvuta, ukatoka mtupu, ndara imebaki chini.

KHADIJA: Na biriani?

ATHMANI: Pole hunipi, waulizia biriani! Haikumwagika hata punje. Asubuhi nikapigia simu ofisi moja, sitaitaja. Kijana kapokea kwa heshima kabisa. Akauliza: barabara gani, nyumba namba ngapi?

KHADIJA: Namba ya nyumba, mji huu?

ATHMANI: Nikamwambia toka Usita wa Mui, ile njia kuu, panda juu, kata kushoto penye mlango wa nakshi. Akaniuliza mlango upi wa nakshi. Nikaona tutakesha. Nikamwambia, pale anapolala punda mweupe.

KHADIJA: (anacheka) Athmani!

ATHMANI: Si kila mtu wamjua? Miaka mingapi alala pale?

KHADIJA: Enhe, wakaja?

ATHMANI: Wakaja Jumatano, wawili, na kidaftari. Punda siku hiyo kaamua kulala Mkomani, mtaa mwingine kabisa.

KHADIJA: Ya Rabbi.

ATHMANI: Wakamzunguka. Wakakagua mtaro wa Mkomani, mzima. Wakaandika hakuna tatizo. Ripoti yangu imefungwa.

KHADIJA: Punda kakufungia faili! Lakini nilikwambia tumia ramani. Uingereza wana tovuti ya FixMyStreet tangu 2007. Unabandika alama kwenye ramani, unaeleza shimo, ripoti inakwenda yenyewe kwa halmashauri inayohusika. Huulizwi habari za punda.

ATHMANI: Unadhani sikujaribu ramani? Nimesimama pale pale. Kuta ghorofa mbili huku, ghorofa mbili kule, ndia yenyewe yapita punda mmoja na shehena yake. Simu itaionea wapi setilaiti? Alama ikaangukia baharini.

KHADIJA: Wangekuja na mashua.

ATHMANI: Na punda angekuwa ndani ya mashua, amelala. Sasa sikiliza. Vijana wa mtaani wanasema tuchange, saruji mfuko mmoja, vyuma viwili vitatu, Ijumaa baada ya swala kifuniko kipo. Nimewaambia sawa.

KHADIJA: Hapo sikubaliani nawe. Hata kidogo.

ATHMANI: Nilijua.

KHADIJA: Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, barabara za kaunti, taa za barabarani, maji ya mvua mjini, yote kazi ya serikali ya kaunti. Ukiziba wewe, kwenye daftari lao hapajawahi kuwa na shimo. Bajeti itatoka wapi? Na mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, humwagi zege ovyo kama unajenga choo.

ATHMANI: Mama yangu apita pale kila alfajiri, na macho yake wayajua. Nimwambie asubiri bajeti?

KHADIJA: Weka tofali, funga kitambaa chekundu, halafu ripoti tena. Kila wiki.

ATHMANI: Tofali lilishawekwa! Tofali ndilo lililonizamisha!

KHADIJA: Kutokuwepo kwake ndiko kulikokuzamisha.

ATHMANI: Dada, hiyo sarufi. Mguu ni wangu.

KHADIJA: Na kodi ni yetu sote. Mwaka jana mlichanga taa, leo ile taa imeungua, mnamwuliza nani? Mnatazamana.

ATHMANI: Lakini mwaka mzima tuliona njia.

KHADIJA: Mimi sichangi.

ATHMANI: Usichange. Ila ukipita juu yake Jumamosi, utoe shilingi mia.

KHADIJA: Nitazungukia Mkomani, nimsalimu punda.

(Kimya kidogo.)

ATHMANI: Ehe, tuliahidi mambo matano ya kukumbuka ukiripoti shimo. Tuna dakika ngapi?

KHADIJA: Mbili. La kwanza, piga picha, weka kitu pembeni ukubwa uonekane, kama...

ATHMANI: Kama ndara. Kama unayo.

KHADIJA: La pili, omba namba ya ripoti na uandike tarehe. Wakinyamaza, andika barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. La tatu, mahali. Usitaje kitu chenye miguu...

ATHMANI: Adhana hiyo.

KHADIJA: Basi mengine siku nyingine. Na hiyo ndara, uliipata?

ATHMANI: Imo bado. Ukiinama na tochi waiona.

KHADIJA: Basi hiyo ndiyo alama yako. Wapigie kesho, waambie pale penye ndara ya buluu.

ATHMANI: Ya kijani. Zima, zima, tutachelewa.