Kiboko wa Tabaka Hakutoka Ziwani

Mwenyekiti, asante. Wanaonijua hapa Kisumu wanajua nitakapoanzia, kwa hiyo waliochoka ruhusa wachungulie simu. Swali letu leo: je, sanaa ni kuiga maumbile tu? Naanza na Kant, mwanafalsafa Mjerumani.

Katika kitabu chake cha 1790 anasimulia kisa cha mwenye nyumba ya wageni mashambani. Wageni wamekuja kupunga hewa, na jioni wanataka kumsikia yule ndege wa Ulaya aimbaye usiku. Ndege hayupo. Mwenye nyumba, mtu wa biashara, anamficha kijana mtundu kichakani na unyasi mdomoni. Kijana anaimba, ndege mtupu! Wageni wanaburudika, mpaka siri inapovuja. Kuanzia hapo, asema Kant, hakuna anayeuvumilia wimbo ule.

Sasa nijibuni. Sauti ni ile ile, masikio ni yale yale. Kimeharibika nini? Nyinyi mkiona mchoro wa embe mnapiga kelele, "Utadhani embe lenyewe!" na mnaona mmemsifu mchoraji. Mmemsifu kijana wa kichakani. Sanaa ambayo sifa yake yote ni kufanana inakufa ukishajua. Mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, je? Ameketi mbele yetu, nyuzi nane tunaziona, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao, na utamu hauondoki. Hakutuahidi ndege.

Naona mkono kule nyuma. Najua: "Lakini Mwalimu, wachongaji wa mawe wa Tabaka, kule Kisii, wanaiga viboko, nasi tunanunua." Ngoja kwanza. Umewahi kukaa na mmoja wao akifanya kazi? Jiwe la Kisii, lile laini, huchongwa likiwa na maji. Linaanza panga, linafuata kisu, kisha msasa ndani ya beseni, na unga mweupe umempanda mtu hadi kwenye viwiko. Katikati ya kazi unatokea mshipa wa waridi, umepita pale pale mguu wa mbele ulipotakiwa kuwa. Afanyeje? Kiboko analazwa. Miguu inakunjwa chini ya tumbo, mgongo unanenepa, mshipa unazungushwa ubavuni. Kiboko gani wa ufuko wa Dunga, hapa ziwani, ana mstari wa waridi ubavuni? Nionyesheni, nitalipia mashua.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona hili. Alisema ufundi wa binadamu wakati mwingine huiga maumbile, na wakati mwingine hukamilisha yale ambayo maumbile hayawezi kuyamaliza. Shuleni tukakariri nusu ya kwanza, nusu ya pili tukaiacha kwenye mataa.

Plato, mwalimu wake? Haraka: mchoraji wa kitanda ameiga kazi ya seremala, seremala naye ameiga kitanda cha Mungu, yaani kile kitanda kamili cha asili, basi mchoraji yuko mbali na ukweli. Sawa. Ni nani aliyenunua picha ili ailalie?

Hegel, Mjerumani mwingine, aliyeuweka uzuri wa sanaa juu ya uzuri wa maumbile, nilimwandalia mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Tumwache.

Moja tu. Wageni wakifika Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana karibu na Kisumu, huuliza, "Nani aliyapanga mawe haya?" Kant angetabasamu, maana alisema maumbile hupendeza yanapoonekana kama sanaa. Haya, tuseme kesho nikwambie yalipandishwa kwa kreni mwaka juzi ili kuvuta watalii. Mawe ni yale yale. Utapeleka watoto tena Jumapili? Na kama hutawapeleka, ulikuwa ukienda kutazama nini?

Wewe mwenye mkono juu, anza.