Kwa nini nahangaikia chuo na kijana bado yuko gredi ya 10

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo sikai sana, nina zamu ya usiku, lakini swali hili limekuja mara nyingi mno, siwezi tena kulipita. Tangu muione ile kalenda niliyobandika kwenye friji, yenye tarehe za vyuo, mnaniandikia: "Mama Neema, kijana yuko gredi ya 10, chuo cha nini sasa hivi? Si angoje amalize?" Wengine mmesema najionyesha. Na najua nikitaja pesa kuna atakayesema nalalamika, kama ni kugumu nirudi Mombasa. Nisikilizeni kwanza, kisha mseme.

Sisi tumelelewa na mtihani mmoja. Unaweza kuteleza form one, ukacheza form two, halafu form four ukakaza, ukakesha na vitabu, ukafanya KCSE ukapita, na hakuna atakayekuuliza form one ulikuwa namba ngapi. Mimi mwenyewe niliokoka hivyo. Nikaja huku Marekani, jimbo la Minnesota, na akili hiyo hiyo, na aliyeumia ni Neema wangu, dada yake huyu kijana.

Huku sekondari ni gredi ya 9 hadi ya 12, na alama zinahesabiwa tangu muhula wa kwanza wa gredi ya 9. Wastani wake ndio GPA, na kwa kawaida juu kabisa ni 4.0. Neema aliingia gredi ya 9 mwaka wa korona, 2020, darasa lenyewe ni kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, kamera imezimwa, mimi niko kazini. Akamaliza mwaka na 2.0. Nikamwambia, usijali mama, utakaza mwaka wa mwisho. Gredi ya 10 akapata 2.6, ya 11 akapata 3.5, ya 12 ikaanza na A tupu. Lakini maombi hutumwa mwaka wa mwisho ndio kwanza umeanza, na kwa vyuo vingi siku ya mwisho ni Novemba au Januari. Zile A zilikuwa bado hazijaingia. Iliyoondoka na maombi ni 2.7, wastani wa ile miaka mitatu. Alikaa kitandani na simu mkononi, akanionyesha ile namba, akaniuliza, "Mama, sasa hizi A ni za nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Na hakuna aliyekuwa ameniita. Nyumbani mwalimu wa darasa angemtuma mtoto aje na mzazi. Huku kuna mshauri wa shule, na chama chao chenyewe kinashauri mshauri mmoja asizidishe wanafunzi 250, lakini shule nyingi zinazidisha. Usipomwandikia wewe, mtaonana siku ya mahafali.

Sasa pesa. Hapa ndipo roho inaniuma. Kuna fomu ya serikali ya kuomba msaada wa karo, FAFSA. Fomu hiyo haiangalii mshahara wako wa leo. Inaangalia ritani ya kodi ya miaka miwili nyuma. Neema alikuwa anaingia chuo 2024, wakatazama mapato yetu ya 2022. Na 2022 ndio mwaka baba yangu alifanyiwa upasuaji. Nilipiga zamu mbili mbili kwenye nyumba ya wazee, wikendi zote, na pesa ikawa inaingia kwenye akaunti na kutoka kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2024 jimbo letu likaanzisha North Star Promise: familia yenye mapato chini ya dola 80,000 inamaliziwa karo kwenye vyuo vya umma. Sisi tulivuka kwa dola 3,200. Ile fomu haina mahali pa kuandika ulituma nyumbani kiasi gani. Kwao tulikuwa nazo.

Baadaye sana nikaja kujua kwamba unaweza kukiandikia chuo barua, ukaambatanisha risiti, wakaangalia hali yako upya. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Lakini risiti za 2022 ningezitoa wapi, na simu yenyewe ilishapotea?

Kwa hiyo hesabuni pamoja nami. Kijana ataingia chuo 2028. Watatazama mapato ya 2026, yaani mwaka huu tulionao. Ndiyo maana nina bahasha ya risiti juu ya friji, ndiyo maana kila zamu ya ziada naifikiria mara mbili. Hayo si maringo, wallahi.

Jambo jingine, hapa Minnesota kuna mpango wa PSEO, mtoto wa gredi ya 11 na 12 anasoma masomo ya chuo akiwa bado shule, karo na vitabu bila malipo. Ila alama anazopata huko zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo. Wa kwangu naona anaweza. Wako huenda hayuko tayari, wewe ndiye unayemjua. Na haya yote ni ya sisi wenye green card na wa jimbo hili. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hesabu yake ni nyingine kabisa, asije akanifuata mimi.

Halafu wazazi wenzangu mnaosubiri watoto waje kuungana nanyi: waje na ripoti fomu zao zote, zenye muhuri wa shule. Mpwa wangu alikuja mwaka jana, alikuwa amemaliza form two, hana karatasi hata moja. Shule ikamwanzisha upya gredi ya 9. Ana miaka 17, anakaa na watoto wa miaka 14, na siku hizi hataki hata kula kantini.

Alhamisi nina miadi na mshauri wa kijana kuhusu hiyo PSEO. Maswali nimeyaandika nyuma ya ile bahasha, yako matano. Nikitoka huko nitawaambia amejibu nini.