Siku wakili mwenyewe alipofungwa

Haya wapendwa tuanze, muda tuliopewa mfupi. Nyie mnasomea uwakili kwahiyo leo nataka tuiongelee siku moja tu, tarehe 7 Januari 2025, mahakama ya kijeshi pale Makindye, Kampala. Wakili Eron Kiiza kaenda kumtetea Dk. Kizza Besigye, yule mwanasiasa wa upinzani Uganda alietekwa Nairobi Novemba 2024 na siku chache baadae akaonekana kizimbani Uganda mbele ya wanajeshi. Kiiza anachotaka ni kusogea mbele akae wanapokaa mawakili, basi, wanajeshi wakamzuia, akabisha, wakambeba juujuu huku wanampiga, na siku hiyohiyo mahakama ikamfunga miezi 9 kwa kosa la kudharau mahakama.

Miezi 9! Bila kesi, bila kuulizwa we unajitetea vipi. Mlalamikaji mahakama, shahidi mahakama, hakimu mahakama, ndo ile kesi ya nyani hakimu ngedere. Akapelekwa gereza la Kitalya na mteja wake kabaki na wakili mmoja pungufu.

Sasa kwanini wamguse wakili? Mtu akishakamatwa kwenye maandamano simu kanyang'anywa, ndugu wanazungushwa kituo hadi kituo wanaambiwa hapa hayupo, anaeweza kugonga meza akasema nionyesheni mteja wangu ni wakili peke yake. Juni 2024 Kenya, vijana wa Gen Z walipobebwa, tuliwaona mawakili wanahangaika vituoni usiku, na rais wa chama cha mawakili Kenya (LSK) wakati huo, Faith Odhiambo, yuko nao bega kwa bega. Ukimtisha huyo mmoja umewanyamazisha mia walioko ndani.

Na sio kwamba sheria haijui hili. Havana mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za mawakili, imo inayosema wazi kuwa wakili asichukuliwe ni kitu kimoja na mteja wake kisa tu anafanya kazi yake. Martha Karua, wakili wa Kenya alieongoza jopo la Besigye alinyimwa kwanza kibali cha kusimama Uganda, akaja kupewa baadae, halafu Mei 2025 anakuja huku Dar kufatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, ambae nae ni wakili na aliwahi kuwa rais wa chama cha mawakili Tanganyika (TLS), akazuiwa airport akarudishwa kwao. Iliniuma sana ile, mgeni wetu yule.

Ila kinachoninyima usingizi ni hiki. Tarehe 31 Januari, Kiiza yuko ndani hana hata mwezi, Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuhukumu raia. Mngedhani kesho yake wamfungulie mlango. Alikaa mpaka Aprili ndo Mahakama Kuu ikampa dhamana. Na Mei bunge lao likapitisha sheria mpya, Juni rais akaisaini, raia wanaweza tena kupelekwa kulekule kwa wanajeshi, na huko watahitaji wakili wa kuingia nao.

Haya, nani ana swali?