Bububu Iliitwa Bububu Kabla ya Gari ya Moshi

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu wa skuli mliokaa mbele.

Nimeitwa kuzungumzia reli, lakini naanza na jina. Juzi nimemsikia kijana mmoja akiwaambia wageni kwamba Bububu yetu hii, hapa Unguja, imeitwa hivyo kwa mlio wa gari ya moshi. Nimelikanusha hili barazani na harusini, na leo nalikanusha tena.

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikaanza kazi 1905. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja 1866. Alipochapisha kumbukumbu zake Ujerumani, 1886, alilitaja shamba lake la Bububu, kwa jina hili hili. Haya wanangu, toeni: Salme aliondoka miaka 39 kabla ya reli! Huo mlio aliusikia wapi?

Mtu ataniambia, "Basi ni gari ya moshi ya zamani zaidi, ya Sultani Seyyid Barghash." Hata! Barghash alikalia kiti 1870, Salme keshaondoka. Tena reli yake ilikwenda Chukwani, kusini. Chukwani na Bububu wapi na wapi?

Mimi nashika kauli ya wazee: jina ni la chemchem. Maji yanabubujika, litamkeni neno hilo taratibu, mtalisikia jina la kwenu ndani yake. Na kipindupindu kiliufagia mji 1869 na 1870; Barghash ndiye aliyeyavuta maji ya huku kwa mabomba mpaka mjini. Chemchem iliyowanywesha watu, leo tunainyang'anya jina tukalipe bomba la moshi?

Siichukii gari. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya Malindi karibu na milango ya watu hata mpita njia hujibanza ukutani, kisha Maruhubi, Mtoni, mpaka hapa, maili 7. Safari za abiria zilikatwa 1922, motokaa zimeshashika barabara. Ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari, ikafa 1928.

Hamamu ya Kidichi nilitaka kuieleza kwa urefu, na kasri la Mtoni alikozaliwa Salme mwenyewe, lakini alasiri hiyo inaadhiniwa.

Yule kijana wa wageni namuona kule nyuma. Mwanangu, tukishasali nisubiri mlangoni, twende sote chemchem.