Kwa Nini Safari za Kuzamia Australia Zinagharimu Kiasi Kile

Mabibi na mabwana, tuanze na bei zenyewe. Ukitoka Cairns, kaskazini mwa jimbo la Queensland, ukiwa tayari na leseni ya kuzamia, safari ya siku moja yenye mizamio miwili kwenye Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe, itakula takriban dola 300 hadi 400 za Australia. Dola yao ni kama theluthi mbili ya dola ya Marekani. Kozi ya kwanza, siku nne au tano, inakaribia dola 1,000 na mara nyingi inapita. Safari ya wiki nzima hadi Bahari ya Matumbawe ni maelfu kadhaa. Watu wakiona hivyo husema ni wizi wa watalii. Mimi nasema fungueni hesabu kwanza, mtaona pesa inakwenda wapi.

Inakwenda juu ya maji. Hewa iliyomo ndani ya mtungi ni senti tu. Unacholipia ni chombo, dizeli na mishahara ya watu ambao wengi wao siku hiyo hawatalowa hata kidogo.

Tazameni umbali. Mwamba ule una urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, lakini sehemu nzuri, ile ya nje inayopakana na bahari kuu, iko kilomita 40 hadi 60 kutoka gati la Cairns. Mtumbwi wa injini moja ya nyuma haufiki huko na kurudi na watu salama. Inahitajika katamarani, chombo chenye miili miwili sambamba, ya mita 20 na kitu, yenye injini mbili kubwa, na bado ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi.

Tupige hesabu ya mfano. Chukueni chombo chenye injini mbili za kilowati 800 kila moja, zinazofanya kazi kwa robo tatu ya nguvu. Hizo ni kilowati 1,200. Injini ya dizeli ya namna hii hunywa kama robo lita kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo lita 300 kwa saa. Ukiweka saa tatu na nusu za kutembea, pamoja na kuhama kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, umechoma lita 1,050. Mwenye chombo cha biashara hurudishiwa ushuru wa mafuta, hivyo wanaosema kodi ya mafuta ndiyo inayopandisha bei wamekosea mlango. Tumwekee dola 1.30 kwa lita: jumla ni kama dola 1,365.

Sasa watu. Chombo hicho kinataka nahodha mwenye cheti kinachoendana na urefu wa chombo, fundi wa injini, mabaharia, wakufunzi, waongozaji, mpishi, na mtu wa kukaa juu akiangalia wazamiaji. Wanafika kabla ya saa moja asubuhi na wanaondoka jioni, baada ya kusuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi na kujaza mitungi. Kima cha chini cha mshahara Australia kilipandishwa 1 Julai 2025 hadi dola 24.95 kwa saa. Kibarua asiye na ajira ya kudumu anaongezewa asilimia 25 juu yake, halafu mwajiri anachangia asilimia 12 ya pensheni. Jumapili na sikukuu inapanda tena. Tuseme watu 12, saa 11, wastani wa dola 40 kwa kila mmoja baada ya kujumlisha yote: dola 5,280. Angalieni, mishahara imezidi mafuta karibu mara nne.

Gawanyeni kwa abiria 60. Mafuta na mishahara inawafikia kama dola 111 kwa kichwa. Gawanyeni kwa abiria 25, yaani Jumanne ya mvua mwezi wa Februari: dola 266 kwa kichwa. Chombo ni kilekile, safari ni ileile, na hatujagusa bado mkopo wa chombo, bima, gati wala chakula. Mwenye kampuni hawezi kubadilisha bei kila asubuhi kwa kuhesabu waliopanda, kwa hiyo anaweka bei ya kati inayobeba siku mbovu. Na siku mbovu ni nyingi. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni majira ya vimbunga. Kuanzia Aprili hadi Septemba unavuma upepo wa kusini-mashariki, wa jamii moja na kusi yetu, na ukifika fundo 25, kama kilomita 46 kwa saa, chombo hakitoki, au kinatoka na nusu ya abiria wamelala na mifuko ya kutapikia. Mishahara ya wafanyakazi wa kudumu haijui upepo.

Sehemu ya pili ni sheria, na hapa ningependa tutulie kidogo. Tarehe 25 Januari 1998 wanandoa Wamarekani, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini kwenye mwamba wa St Crispin. Abiria walihesabiwa vibaya, boti ikarudi bandarini, na ilichukua siku mbili hadi mtu agundue kwamba wawili hawapo. Hawakuonekana tena. Baada ya hapo Queensland ilikaza kamba, na leo ina Sheria ya Usalama wa Burudani za Majini ya 2011 pamoja na kanuni zake. Kila anayeingia majini anaandikwa kwenye daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kina alichofika. Akipanda anatia saini mwenyewe. Chombo hakiondoki mpaka hesabu ya vichwa ilingane na daftari. Lazima awepo mlinzi nje ya maji anayeona eneo lote, na asiyepewa kazi nyingine, hata ya kugawa chai. Oksijeni ya huduma ya kwanza lazima iwe tayari. Wale wasio na leseni wanaojaribu kwa mara ya kwanza, mkufunzi mmoja kwa kawaida hachukui zaidi ya wanne. Piga hesabu mwenyewe: wageni wanane wa kujaribu ni wakufunzi wawili.

Vifaa navyo vina masharti yake. Marekani mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka mitano. Australia ni kila mwaka, na muhuri wa kituo cha ukaguzi unagongwa shingoni mwa mtungi. Mtungi usio na alama za viwango vya Australia hautajazwa, hata uwe mpya kabisa, kwa hiyo msibebe mitungi kutoka nje mkidhani mtaokoa pesa. Regulata, kifaa cha kupumulia kinachounganishwa na mtungi, hufunguliwa mara moja kwa mwaka, mipira na viti vya vali vikabadilishwa, maana chumvi ikikauka ndani, regulata huanza kutiririsha hewa yenyewe mzamiaji akiwa chini. Kompresa, mashine ya kujaza hewa mitungini, inataka kichujio kipya mara kwa mara, na joto la Cairns lenye unyevu hukimaliza haraka kuliko kitabu kinavyosema. Kichujio kikichoka, mvuke na harufu ya mafuta huingia mtungini, na mteja huumwa kichwa kwenye kina cha mita 18. Chombo chenyewe kiko chini ya mamlaka ya usalama wa bahari ya taifa, AMSA. Kinapandishwa chelezoni kukaguliwa, na siku kiko chelezoni hakiingizi hata senti.

Ada ya hifadhi ya bahari, inayolaumiwa sana, ni ndogo. Mgeni analipa dola chache kwa siku, chini ya 10, na zinaingia katika usimamizi wa mwamba.

Magharibi mwa Australia hali ni nyingine. Exmouth, kwenye mwamba wa Ningaloo, ni mji wa watu wachache, zaidi ya kilomita 1,200 kaskazini mwa Perth. Kila spea, kila katoni ya mayai inakuja kwa lori. Watu huenda huko kuogelea na papa potwe kwa snokeli, bomba fupi la kupumulia, hasa Machi hadi Julai. Pale Mafia nahodha anamtafuta potwe kwa macho karibu na Kilindoni. Ningaloo wanarusha ndege ndogo inayowatafuta kutoka juu na kuwaelekeza manahodha kwa redio, na saa za ndege hiyo ziko ndani ya tiketi yako. Leseni za waendeshaji zina kikomo, na watu zaidi ya 10 hawaruhusiwi kuwa majini na potwe mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata mahitaji yakipanda, boti haziongezeki.

Basi mtu afanye nini? Apunguze mafuta na saa za watu, asihangaike kutafuta duka la bei poa. Safari ya siku tatu ya kulala botini kutoka Cairns inaonekana ghali, kama dola 1,200, lakini ina mizamio hadi 11, kitanda na chakula. Inatoka kama dola 110 kwa mzamio. Ya siku moja ni kama 175, na hoteli unajilipia. Sababu ni rahisi: chombo kimeenda mara moja, kikakaa.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kuzamia kutoka ufukweni, na kwa maoni yangu wageni wanaidharau bure. Sydney kuna Shelly Beach kule Manly, na Bare Island. Karibu na Melbourne kuna magati ya Rye na Blairgowrie. Australia Kusini kuna gati la Rapid Bay, wanakopatikana sihosi wa majani, samaki wa jamii ya farasi wa baharini wanaofanana na mwani. Unakodi mtungi, mikanda ya uzito na suti nene, kwa sababu kusini kuna baridi, na unaingia kwa miguu yako. Angalia majedwali ya maji kujaa na kupwa, hasa Melbourne, kwenye mlango wa ghuba ya Port Phillip, ambapo mkondo una nguvu na watu huzamia tu maji yanaposimama.

Kabla ya kulipia boti yoyote, uliza mambo manne: vifaa vimo? Ada ya hifadhi imo? Muongozaji wa chini ya maji yumo, au analipiwa kando? Suti ya kukinga yavuyavu imo? Miezi ya Novemba hadi Mei hiyo ya mwisho haikwepeki. Tiketi ya dola 260 isiyo na chochote kati ya hivyo inaweza kuipita ya 340 kabla hujafika kwenye mwamba.

Na usikate tiketi ya ndege ya kuondoka Cairns jioni ileile. Baada ya mizamio kadhaa unashauriwa usubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, ili naitrojeni itoke mwilini. Huo ni usiku mmoja zaidi wa hoteli, na hutauona kwenye bei ya safari.